Barabara Mbovu, Baiskeli Iliyoanguka: Nani Alipe?

Ukitaja fidia na barabara mbele ya mkazi wa Goba, Dar es Salaam, kitakachomjia kwanza kichwani ni alama ya X iliyopakwa ukutani. Atakusimulia habari za hifadhi ya barabara, za mthamini aliyekuja na daftari, za jirani aliyelipwa na mwingine aliyeambiwa kwamba alijenga barabarani. Ni wachache wanaofikiria fidia ya aina nyingine, ile ya mtu aliyevunjika mfupa kwa sababu barabara iliachwa na shimo. Huyo hupelekwa hospitali, ndugu wanachangishana, baiskeli inauzwa kwa fundi kama chuma chakavu, na habari inaishia hapo. Wanaomtembelea kitandani humwambia ni ajali tu, ashukuru Mungu amepona.

Kushukuru ni sawa. Lakini sheria za Tanzania hazisemi kwamba mtu huyo hana pa kwenda. Zinampa haki ya kudai, kisha zinaweka njiani masharti ambayo muuza mayai au fundi bomba hawezi kuyatimiza kirahisi bila msaada. Kwa maoni yangu madai mengi ya namna hii hufa katika wiki ya kwanza, kabla wakili hajaulizwa neno lolote, kwa sababu hakuna aliyepiga picha ya shimo wala kuuliza barabara ile ni ya nani. Yanayopona wiki ya kwanza hukutana na mlango wa Mahakama Kuu, na huo ni mzito mno kwa dai la milioni mbili.

Tuanze na Goba yenyewe. Ni kata ya vilima na mabonde. Barabara za lami zinazoiunganisha na Mbezi Mwisho, Tangi Bovu, Madale na Makongo hupita juu ya migongo ya vilima, na kutoka kwenye lami hizo ndipo zinaposhuka njia za udongo kuelekea Kinzudi, Kulangwa, Matosa na mitaa mingine. Masika na vuli zikikolea, maji hayangoji mtaro. Hushuka na barabara yenyewe, yakachimba pembeni ya karavati, yakabeba kifusi kilichomwagwa mwezi uliopita, na mvua ikikatika yanaacha mkondo katikati ya njia. Dereva wa gari hupunguza mwendo na kuushukia kwa tairi moja moja. Mtu wa baiskeli anayeteremka na trei za mayai kwenye keria hana nafasi hiyo. Shimo likiwa limejaa maji ya rangi ya udongo, uso wake unalingana na barabara, na haonekani mtu wa kumwambia kama kina chake ni cha kiganja au cha goti. Gurudumu la mbele likizama linasimama papo hapo, mzigo wa nyuma unaendelea kusukuma, uma wa mbele unapinda, na mwendeshaji anaruka juu ya usukani. Akitanguliza mkono, kifundo kinavunjika. Akitanguliza bega, ni mtulinga.

Swali la kwanza ambalo ndugu zake wanapaswa kuliuliza, hata kabla ya kuuliza gharama ya matibabu, ni barabara ile iko mikononi mwa nani. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara za umma zimegawanywa katika makundi. Barabara kuu na barabara za mkoa husimamiwa na TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, zikiwamo za mijini na zile zinazoingia mitaani, zilikuwa za halmashauri hadi mwaka 2017, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulipoundwa na kuzichukua. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kwenye njia ya mtaani akaenda kulalamika manispaa atasikilizwa kwa upole, halafu ataelekezwa kwingine. Goba ina kikwazo cha ziada: kata hii ilikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijamegwa kuwa manispaa yake, na wapo wakazi wa zamani ambao mpaka leo wakiandika barua huielekeza Kinondoni. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika inaweza kukaa huko miezi mitatu bila kusogea.

Kuna njia nyingine ambazo hazimo katika orodha ya wakala wowote. Goba ilijengwa na watu kabla ya kupimwa na wapimaji. Mtu alinunua kiwanja, akaacha upenyo wa gari, jirani akauendeleza, na baada ya miaka kumi ule upenyo unapitiwa na bodaboda, bajaji na malori ya mchanga. Wakazi hukusanya fedha kupitia kamati ya mtaa, wanakodi greda, wanamwaga molamu. Aliyeumia katika njia ya namna hiyo ana kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa TARURA inaweza kusema haikuwahi kuipokea, na kuwashtaki majirani waliojitolea kumwaga kifusi ni jambo ambalo sheria na utu vyote vinalitazama kwa shaka. Ndiyo maana inafaa kwenda kwa mtendaji wa mtaa au ofisi ya TARURA ya wilaya mapema na kuuliza kwa maandishi kama barabara imesajiliwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kama hiyo, na inaipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu. Kwa barua hiyo hiyo anaweza kuomba kujua barabara ilikaguliwa lini mara ya mwisho na ilitengewa matengenezo lini. Sioni wengi wakiitumia sheria hii, ilhali kwa madai ya barabara ni chombo cha thamani kubwa na hakihitaji wakili.

Hali ni nyepesi kidogo pale ambapo barabara ilikuwa inajengwa. Mkandarasi anayechimba mtaro, anayeacha rundo la kokoto gizani au anayefungua njia ya mchepuko bila alama na bila utepe ana wajibu wake mwenyewe kwa wapita njia. Akiwa kampuni binafsi, anashtakiwa kama mtu mwingine yeyote, bila notisi ya Serikali, katika mahakama ya kawaida kulingana na ukubwa wa dai. Kwa hiyo kibao cha mradi kilichosimikwa mwanzoni mwa barabara, chenye jina la mwajiri, mkandarasi na mhandisi mshauri, kipigwe picha siku ile ile. Mradi ukiisha, kibao hung'olewa. Miradi mikubwa yenye fedha za Benki ya Dunia, kama ule wa DMDP uliojenga barabara nyingi za mitaa katika Kinondoni, Ilala na Temeke, huwekewa pia utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi, na lalamiko lililoandikwa humo lina tarehe na mhuri, vitu viwili vinavyohitajika sana baadaye.

Sasa tuseme barabara ni ya Serikali na hakuna mkandarasi. Dai linasimama juu ya uzembe. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba wakala ulikuwa na wajibu kwake, kwamba uliukiuka, na kwamba kukiuka huko ndiko kulikomvunja. Wajibu unaonekana wazi kwa mtu wa kawaida: mwenye barabara aitunze. Lakini nyuma yake kuna historia ambayo mdai wa Goba hana budi kuijua, kwa sababu wakili wa upande wa pili anaijua.

Mwaka 1788 huko Uingereza, gari la mizigo la kukokotwa liliharibika kwenye daraja bovu katika kaunti ya Devon. Wenye gari wakawashtaki wakazi wa kaunti, ambao kwa desturi ndio waliotakiwa kulitunza daraja. Wakashindwa. Majaji waliona hakuna mfuko wa pamoja wa kulipia hukumu kama hiyo, na kwamba kufungua mlango huo kungeleta kesi zisizo na mwisho. Kutokana na kesi ile na nyingine zilizofuata, ikajengeka kanuni kwamba mamlaka ya barabara inawajibika kwa kazi iliyoifanya vibaya, ila haiwajibiki kwa kazi ambayo haikuifanya kabisa. Ukiziba shimo kwa kiraka kilichoinuka kama tuta mtu akaanguka, unalipa. Ukiliacha shimo miaka mitatu, hulipi. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, na leo Sheria yao ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 inamwezesha mwendesha baiskeli kudai, huku ikiiruhusu mamlaka kujitetea kwa kuonyesha kwamba ilichukua hadhari inayostahili. Matokeo yake mamlaka za kule hukagua barabara kwa ratiba na kutunza kumbukumbu za ukaguzi, kwa sababu kumbukumbu hizo ndizo ngao yao mahakamani.

Sisi tulipokea sheria za Kiingereza kwa kipimo cha tarehe. Sheria yetu ya Sura ya 358 inasema mahakama zitumie misingi ya sheria ya Uingereza na sheria zao za jumla zilizokuwa zikitumika tarehe 22 Julai 1920. Marekebisho ya 1961 yako upande wa pili wa mstari huo. Kwa hiyo upo upenyo wa Serikali kusimama na kusema kwamba kanuni ya kale bado ni yetu: shimo lililoachwa halidaiwi. Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu, na nina sababu mbili. Sheria hiyo hiyo ya Sura ya 358 inasema misingi ya kigeni itumike kwa kadiri mazingira ya nchi na watu wake yanavyoruhusu. Na Sheria ya Barabara ya 2007, iliyotungwa na Bunge letu, imezikabidhi mamlaka za barabara kazi ya kuzitunza, na tangu mwaka 1998 upo Mfuko wa Barabara unaokusanya tozo ya mafuta kwa kazi hiyo. Sababu ya majaji wa 1788, kwamba hakuna mfuko wa pamoja, hapa haipo. Mwaka 2021 Bunge liliongeza hata shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Atakayesema kwamba mwenye baiskeli hachomi mafuta, basi hachangii, ajibiwe kwamba yai, unga na sabuni alizobeba zilifika sokoni kwa lori lililochoma mafuta hayo, na bei yake imo ndani.

Sababu hizo mbili hazimwondolei mdai mzigo wa ushahidi, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu kuliko pote. Mahakama haitazami kama shimo lilikuwepo tu. Inatazama kama wenye barabara walijua, au walipaswa kujua, na kama walipata muda wa kutosha wa kuchukua hatua. Karavati lililosombwa saa nane usiku na mtu akatumbukia saa kumi na moja alfajiri ni jambo moja. Shimo lililokuwepo tangu vuli iliyopita ni jambo jingine. Serikali itataja mvua, na ni kweli mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi 2024 ziliharibu barabara nyingi za Dar es Salaam. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza mapema kwamba vuli ile ingekuwa na mvua za juu ya wastani. Janga lililotabiriwa linampa mwenye mtaro nafasi ya kuuzibua.

Shahidi bora wa kwamba walijua yuko karibu kuliko watu wanavyodhani: daftari la mihutasari ya mikutano ya mtaa. Kila mtaa una mwenyekiti na mtendaji, na katika mikutano ya Goba barabara haikosi kutajwa. Ikiandikwa kwamba tarehe fulani wananchi walilalamikia shimo la kwenye mteremko wa shule, na mtendaji akaagizwa kupeleka barua, nakala ya ukurasa huo ina uzito kuliko mashahidi watano wanaosema lilikuwepo zamani. Barua ya mwenyekiti kwenda TARURA yenye mhuri wa kupokelewa, swali la diwani katika Baraza la Madiwani, hata ujumbe wa picha katika kundi la WhatsApp la mtaa ambamo afisa wa wakala yumo, vyote vinajenga ukuta mmoja. Ukitaka kuwasaidia watakaoumia kesho, anza leo kwa kuhakikisha shimo la mtaani kwako limeandikwa mahali na taarifa yake imepelekwa kwa mwenye nalo.

Halafu shimo lenyewe. Lipigwe picha likiwa limelala vile lilivyokuwa, kwa mbali ili ionekane ni wapi, na kwa karibu likiwa na kitu cha kupimia: rula, futi ya fundi, au pampu ya baiskeli iliyosimamishwa ndani. Majirani wema, wakiona mtu ameumia, huleta toroli la kifusi jioni ile ile na kulifukia. Wafukie, ili mwingine asianguke. Ila kwanza wapige picha. Baiskeli isipelekwe kwa fundi. Uma uliopinda na rimu iliyokunjika ni ushahidi wa namna gurudumu lilivyozama, na fundi akishanyoosha hakuna kilichobaki. Majeruhi au ndugu aende kituo cha polisi apate fomu ya PF3 na ajali iingizwe kwenye kitabu. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa hakuna gari lililohusika, na polisi wenyewe wanaweza kushangaa kwamba mtu anaripoti kuanguka peke yake. Asisitize kwa adabu: afande, naomba iandikwe mahali ilipotokea na sababu yake. Fomu ya hospitali nayo iseme vivyo hivyo. Daktari wa zamu huko Mwananyamala au katika taasisi ya mifupa, MOI, akiandika tu kwamba mgonjwa alianguka, miaka miwili baadaye mtu atauliza alianguka kwa sababu gani.

Upande wa pili utatafuta makosa yake, na ni haki yao. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mwenye baiskeli awe na breki zinazoshika na taa usiku. Kama aliteremka kilima saa mbili usiku bila taa, akiwa na mzigo unaozidi uzito wake, mahakama itampa sehemu ya lawama. Lakini kupewa sehemu ya lawama si kupoteza dai lote. Sheria yetu ya Sura ya 310 inaruhusu lawama kugawanywa na fidia kupunguzwa kwa kiasi hicho. Mfano mzuri umetoka Afrika Kusini, ambako mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Rufani iliamua kesi ya mwendesha baiskeli aliyeanguka kwa sababu ya shimo katika jimbo la KwaZulu-Natal. Serikali ya jimbo ilionekana na uzembe kwa kuliacha shimo muda mrefu, naye mwendeshaji akaonekana hakuwa mwangalifu vya kutosha, hivyo lawama ikagawanywa na fidia yake ikapunguzwa. Uamuzi ule haumfungi jaji wa Dar es Salaam, ila anaweza kuusoma na kushawishika. Shtaka la kwamba barabara ile anaipita kila siku, basi alilijua shimo, lijibiwe kwa utulivu: shimo lililojaa maji linabadilika kila mvua inaponyesha, na aliyelikwepa jana upande wa kushoto leo analikuta limekula kushoto.

Sasa utaratibu. Kesi dhidi ya Serikali haianzi mahakamani. Inaanza na notisi ya siku zisizopungua 90, chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Notisi inakwenda kwa mkuu wa taasisi inayodaiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na ni busara kupeleka nakala nyingine kwa Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ndiyo huitetea Serikali mahakamani. Iseme nani ameumia, wapi hasa, lini, kwa sababu gani anaona taasisi ina makosa, na anadai nini. Kila nakala irudi na mhuri wa kupokelewa. Marekebisho ya mwaka 2020 yalipanua maana ya Serikali ikameza halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na yakaagiza kwamba Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika kila kesi kama hiyo. Asipounganishwa, shauri lote linaharibika. Nimeona watu wakidhani kwamba wakala una jina lake, basi ushtakiwe peke yake kama kampuni. Wanarudishwa mwanzo.

Muda wa kufungua kesi za madhara kama haya ni miaka 3 tangu siku ya tukio, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda. Aliyeumia akiwa mtoto hahesabiwi mpaka atakapotimiza umri wa utu uzima, jambo linalofaa kujulikana na wazazi, kwa kuwa watoto wengi wa Goba huenda dukani au shuleni kwa baiskeli. Mtu akifariki, mke, mume, watoto na wazazi wake wanaweza kudai fidia chini ya Sura ya 310. Msomaji aliye Kenya asitumie hesabu hii. Huko sheria ya barabara ya mwaka 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja, na inaufunga mlango baada ya miezi 12 tu.

Kuhusu kiasi, mahakama zetu zinatenganisha hasara zinazohesabika na maumivu yasiyohesabika. Hasara zinazohesabika lazima zitajwe moja moja kwenye hati na kuthibitishwa kikamilifu: risiti za dawa, za picha ya mionzi, za nauli ya bajaji kwenda kliniki, bei ya baiskeli, mapato yaliyopotea. Mfanyabiashara mdogo hukwama kwenye hayo mapato, maana hana kitabu. Daftari la madeni ya mayai, miamala ya simu kutoka kwa wateja wa jumla, barua ya mfugaji anayemuuzia, vikiletwa pamoja vinaweza kumfikisha. Maumivu, kilema na usumbufu jaji huyapima kwa busara yake. Hata akishinda, asitarajie dalali kwenda kukamata greda la TARURA. Mali ya Serikali haikamatwi. Hupewa hati ya malipo na kusubiri Hazina.

Kabla ya kupanda mlima huo, majeruhi aangalie kama ana njia fupi. Aliyekuwa anapeleka barua au bidhaa za mwajiri wake analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na huko hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote, bali kwamba aliumia akiwa kazini. Mwajiri atoe taarifa mapema, na dai lisicheleweshwe kupita miezi 12. Aliyelikwepa shimo akagongwa na bodaboda au daladala ana dai kwa bima ya gari lile, kwa sababu bima ya kuwalinda wengine ni ya lazima kisheria. Namba ya gari ichukuliwe na stika ya bima ihakikiwe. Anayebaki bila chochote ni yule aliyejiajiri na aliyeanguka peke yake, na katika miteremko ya Goba huyo ndiye anayeonekana zaidi.

Kwake yeye Sura ya 5 ina sharti linaloumiza kuliko mengine yote: kesi dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu tu. Dai la mtulinga uliovunjika, miezi miwili bila kazi na baiskeli moja halifiki hata ada ya wakili wa Mahakama Kuu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa nafasi ya kuandikiwa notisi bure na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, na notisi iliyoandikwa vizuri, yenye picha na ukurasa wa mihutasari ya mtaa, mara nyingine huleta mazungumzo. Anaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila malipo, ingawa Tume hutoa mapendekezo na haina hukumu ya kukazia.

Nchi hii tayari inajua kulipa bila kesi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 zipo kanuni za mwaka 2011 zinazotoa kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama mkali, na kifuta jasho kwa mkulima aliyeliwa mazao na tembo. Viwango vimelalamikiwa kuwa vidogo, na malipo kuwa ya kuchelewa. Hata hivyo mwanakijiji hatakiwi kwenda Mahakama Kuu kuthibitisha uzembe wa tembo. Anakwenda na fomu iliyojazwa na ofisi ya kijiji na afisa wa wanyamapori. Sioni kwa nini tozo ya mafuta isitengwe sehemu ndogo kwa ajili ya aliyeumizwa na shimo lililoripotiwa likaachwa. Fomu yake ijazwe na mtendaji wa mtaa na mhandisi wa TARURA wa wilaya, kwa viwango vinavyojulikana, na atakayeona hakutendewa haki abaki na njia ya mahakama.

Mpaka hapo, lipo badiliko dogo zaidi. Marekebisho ya 2020 yaliingia kwa muswada wa sheria mbalimbali, ule unaorekebisha sheria nyingi kwa mkupuo. Kifungu kimoja katika muswada wa namna hiyo, kinachoruhusu madai madogo ya madhara ya mwili dhidi ya Serikali kusikilizwa Mahakama ya Wilaya, Mwanasheria Mkuu akiwa bado ameunganishwa na notisi ikiwa bado imetolewa, kingempunguzia muuza mayai gharama ya safari ya Mahakama Kuu na ya wakili, na kisingeipunguzia Serikali utetezi wake wowote.